Namba Hii Umeitoa Wapi?

Wenzangu, mliniaga kwa keki na kalamu iliyochorwa majina yangu yote matatu. Nawashukuru. Lakini jina langu la katikati sikumwambia mtu pale afisini kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hivyo kuna mmoja wenu aliyefungua faili langu, na ninamjua ni nani. Keki ilikuwa tamu.

Mliniomba niandike niliyojifunza. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo waulizeni wengine, wanayakumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nitaandika kuhusu kazi yenyewe, ya kuwasaidia wenye maduka madogo kuwatumia wateja meseji bila kuvunja sheria. Na nitawaambia jambo tulilolijua mimi na Bi Zainabu tu. Kulikuwa na mama mmoja wa Dandora, na mlango wake nilikaribia kumwonyesha mtu ambaye mama huyo alikuwa amemkimbia. Nilikaribia kuuonyesha kwa chupa moja ya sabuni.

Nilikuja hapo Umoja, mashariki mwa Nairobi, nikitoka kwenye uchapaji wa mabango na kadi za harusi. Afisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na hadi leo nikisikia msumeno wa chuma nakumbuka meseji. Kompyuta zilikuwa tatu. Moja haikuwa na herufi M, nasi tuliishi kwa kuandika mteja, mtaa na meseji; hiyo ndiyo niliyopewa.

Bi Zainabu ndiye aliyekuwa kwenye meza ya ukaguzi. Hakuna meseji iliyotoka bila kupita mikononi mwake. Alizaliwa na kukulia Eastleigh, mwanamke mfupi wa buibui nyeusi, miwani imefungwa kamba, thamosi ya chai ya tangawizi haibanduki kwake. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi yenye majina na namba za simu.

"Karanja, orodha hii imetoka wapi?"

"Kwa mteja," nikasema.

"Na mteja ameitoa wapi?"

"Sijui, Bi Zainabu."

"Basi kaa hapo mpaka ujue."

Nilikaa mpaka saa saba mchana. Nilifikiri ananionea. Mwishowe nilimpigia mteja simu, mwenye saluni mmoja, akacheka kidogo, akasema kuna binamu yake anafanya kazi mahali. Mahali gani, hakusema. Bi Zainabu alichukua karatasi, akaipasua mara nne, akanimiminia chai.

Kifaa changu cha kwanza, na cha mwisho, kilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Alilichora mistari kwa rula na kuacha safu nne. Namba zimetoka wapi. Nani alikubali. Alikubali nini hasa. Atajitoaje akichoka. Mnacheka kwa sababu siku hizi hayo yote yako kwenye mfumo, kibonyezo kimoja tu. Mimi nimewaona mkibonyeza bila kusoma. Daftari halikuwa na kibonyezo, ilibidi uandike jibu kwa mkono wako na uone aibu.

Sheria ya kulinda data ilipokuja, wenye biashara wengi walishtuka, na wengine wakaanza kujificha kana kwamba ni askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Bi Zainabu aliisoma yote kwa siku mbili, akavua miwani, akasema, "Wamechelewa, lakini wamefika." Tulijikuta mengi tulikuwa tunayafanya tayari. Mtu akubali kwanza, kwa hiari yake, na uwe na ushahidi kwamba alikubali. Jina la mtumaji liwe limesajiliwa na kampuni za simu, sio kuibuka tu na jina la kuvutia. Kila meseji iwe na neno la kujitoa, na sisi neno letu lilikuwa ONDOA. Mtu akituma ONDOA, unafuta namba yake, na humwandikii tena hata kumwambia kwaheri.

Safu ya tatu ndiyo iliyowashinda watu. Alikubali nini hasa? Ukimwachia fundi wa viatu namba yako akuite viatu vikiwa tayari, hujamruhusu akuuzie shamba. Namba iliyotolewa kwa kazi moja ni ya kazi hiyo. Maneno hayo ni ya Bi Zainabu, na mkiyasahau yote mengine, shikeni hayo.

Nitawapa mfano wa Brayo wa bucha. Alikuja asubuhi moja, mchangamfu, akaweka simu yake mezani. Ndani kulikuwa na picha za kurasa za kitabu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Niaje mzae. Hizi ni namba za wasee wa hapa tu, wote wanakula nyama."

"Umezitoa wapi?"

"Kwa soja wa hapo geti."

"Na soja amezitoa wapi?"

"Si watu wanajiandika wenyewe, mzae? Na biro yao! Hakuna mtu amelazimishwa."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Hapa Eastlands huingii ploti yenye lango bila kuandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu kwenye kitabu cha mlinzi, na tunaandika kama watoto wa shule, tukiharakisha ugali usipoe ndani. Nani huuliza kitabu kikijaa kinaenda wapi? Nilimwambia Brayo kwamba watu wale waliandika ili waruhusiwe kuingia, hawakuomba matumbo. Akaniona mzee mgumu. Kisha nikageuza picha ya tatu na kukuta mwandiko wangu mwenyewe, na namba yangu kamili, ya siku niliyokwenda kumwona dada yangu. Nilikasirika, nikamrudishia Brayo simu yake. Tangu siku hiyo, ninachoandika langoni ni siri yangu.

Brayo alikubali yaishe. Aliweka kijidaftari kando ya mzani, mteja anayetaka habari za nyama anaandika mwenyewe na kutia sahihi. Alipokileta, kurasa zilikuwa na mafuta, kalamu za rangi tatu, na majina hivi: Mama Shiro wa Mboga, Kevo wa Gesi, Shosho wa Mahamri, Ticha. Bi Zainabu alikipitia akatabasamu. Akanionyesha jambo ambalo halimo kwenye sheria yoyote. Mitaani kwetu duka na mteja hawajuani kwa majina ya kitambulisho. Orodha ya kweli ina majina ya utani na ina uchafu. Orodha yenye majina matatu matatu, yaliyonyooka, imetoka langoni, au benki, au mahali pabaya zaidi.

Nililipenda somo hilo kupita kiasi. Nikawa nalitumia kama rungu. Mliniita Mzee Umetoa Wapi, nami nikalivaa jina hilo kama koti la Jumapili.

Ndipo akaja Bi Rukia, mfanyabiashara wa madira, yale magauni mapana, kule Eastleigh, na Idd ilikuwa imekaribia. Orodha yake ilikuwa safi, kila mteja na majina matatu. Niliitazama mara moja tu.

"Mama, hii hatuwezi kutuma. Majina haya hayakuandikwa dukani."

"Yaliandikwa dukani, na niliyaandika mimi."

"Basi lete daftari lenyewe."

"Daftari ndilo hilo ulilolishika, mzee wangu."

Sikumsikiliza. Nilimwambia arudi na ushahidi, na nikamwita aliyefuata. Idd ikapita, wateja wake hawakujua kwamba mzigo mpya umefika, na madira yakabaki yamekunjwa kwenye rafu. Alirudi baada ya wiki mbili, hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Nilifundisha shule ya msingi nusu ya maisha yangu," akasema. "Kwangu mtu huitwa jina lake lote, hata akija kununua pini. Wewe uliniita mwizi, Mzee Karanja, ila uliniita kwa Kiswahili kizuri."

Nilitamani sakafu ifunguke. Bi Zainabu alinituma Eastleigh kwa miguu yangu kuomba radhi, na nikaenda, na Bi Rukia akanipa soda akaninyima neno. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa kama yule aliyetafunwa na nyoka, unyasi ukitikisika nashtuka. Nilikuwa naogopa kumshuku mtu. Kumbukeni hilo kwa yanayofuata, ingawa silitoi kama kisingizio.

Kisha akaja mtu aliyejiita Dan. Alikuja na chupa ya sabuni ya maji, ya rangi ya kijani, na bahasha yenye fomu za ridhaa. Alisema ni biashara ya familia, wanatengeneza Mathare. Alikuwa na adabu nyingi. Aliniita mzee wangu kila sentensi, na mtu akiniita mzee wangu kila sentensi mimi huwa napapasa mfuko, lakini siku hiyo nilijikemea. Fomu zilikuwa kama sitini. Zilikuwa na madoa, zimekunjwa, kalamu tofauti. Mama Njeri wa Chapo. Otis wa Pikipiki. Za kweli kabisa.

Moja tu ndiyo haikuwa na doa. Ilikuwa na majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Sitayaandika hapa.

Niliiona, wenzangu. Niliishika mkononi. Nikamkumbuka Bi Rukia amesimama mbele ya kiti, nikajiambia huenda mama huyo naye ni mtu wa majina yote. Nikairudisha kwenye bahasha.

Meseji yake ilisema hivi: sabuni mpya imefika, jibu NDIO pamoja na mtaa na namba ya nyumba, uletewe chupa ya bure. Hakuwa ameweka neno la kujitoa. Nililiongeza mwenyewe na kumpa nasaha ndefu juu ya sheria, naye akaitikia ndiyo mzee wangu, ndiyo mzee wangu. Kwa wasiojua kazi yetu, meseji ya kujibiwa hutumwa kwa namba fupi ya afisi, na majibu huingia kwenye kompyuta yetu kwanza. Sisi ndio huyapanga na kumkabidhi mwenye biashara. Tulituma saa tano asubuhi.

Majibu yalianza kabla sijamaliza chai. Watu wanapenda cha bure. NDIO Umoja, NDIO Mathare, NDIO hata mbili leteni. Kisha likaingia la ile fomu safi. Aliandika: "NDIO. Dandora Phase Four, ploti ya geti la buluu, nyumba ya saba. Tafadhali msipige simu. Wachieni soja."

Nililisoma mara tatu. Mtu anayeomba sabuni lakini hataki simu. Mtu aliyejilinda kwa kila kitu, kisha akaponzwa na chupa ya bure kwa sababu sabuni ni ghali na nguo za watoto hazingoji. Nilijua watoto wapo kabla sijaambiwa, sijui kwa nini.

Dan alifika saa tisa. Mwenye biashara yeyote akija siku kama hiyo huuliza swali moja, wangapi wamejibu? Yeye hakuuliza. Alitaja jina la kwanza la yule mama.

"Huyo amejibu?"

Nikakigeuza kioo cha kompyuta kuelekea kwangu. "Majibu bado yanaingia," nikasema.

"Niliambiwa yanaingia papo hapo, mzee wangu."

"Mtandao." Nairobi hii, ukisema mtandao hakuna anayebisha. Kisha nikamuuliza, "Mbona unamtaka huyo mmoja? Ni mteja wako mkubwa?"

Alitazama chini, akapunguza sauti. "Ni mama ya watoto wangu. Alitoka na wao. Si unajua mambo ya nyumbani, mzee wangu. Mimi nataka tu kujua wanalala wapi."

Niwaambie ukweli, sauti yake ilinigusa. Huenda alikuwa baba mwema aliyenyimwa watoto. Huenda alikuwa kitu kingine. Sikujua, na sijui hadi leo. Nilimwambia arudi kesho asubuhi, akaondoka akiiacha ile chupa ya sabuni mezani pangu.

Nikamwendea Bi Zainabu na bahasha. Sikumficha kitu, hata kwamba niliiona ile fomu nikainyamazia. Hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Aliweka fomu safi kando ya mkataba ambao Dan alitia sahihi na afisi, akasogeza miwani.

"Tazama hii sahihi. Na hii."

Kalamu ilikuwa moja. Mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa mmoja. Mama huyo hakuwahi kukubali chochote.

"Lakini Bi Zainabu, majibu ni ya mteja. Mkataba unasema hivyo. Na kama kweli ni baba yao?"

"Kama ni baba yao, kuna mahakama, kuna chifu, kuna wazee wa pande zote mbili. Fomu inasema nini?"

"Sabuni."

"Basi hata kama angekubali, alikubali sabuni." Akanirudishia bahasha. "Futa jibu lake. Andika kwenye daftari kwa nini umelifuta, jina lako, na jina langu chini. Halafu umpigie."

"Amesema asipigiwe."

"Namba ya mtu ikichukuliwa bila idhini yake, ni haki yake kuambiwa. Meseji yaweza kusomwa na mwingine. Mpigie."

Nilifuta. Nikatumia simu ya afisi, mlango umefungwa, kipaza sauti wazi ili Bi Zainabu asikie. Ililia mpaka nikadhani itakatika. Kisha ikapokelewa. Nilisikia mtoto mbali, na redio.

"Hallo, mama. Naitwa Karanja, napiga kutoka afisi iliyotuma ile meseji ya sabuni."

Halafu sauti ya chini, kavu.

"Namba hii umeitoa wapi?"

Miaka yote hiyo nimewauliza watu swali hilo, wachungaji, wenye bucha, wenye saluni, nikiwaangalia wakihangaika kwenye kiti. Sikuwahi kuulizwa mimi. Niwaambie, nilifurahi sana kwamba ameuliza.

"Imeletwa na mtu uliyezaa naye," nikasema, nikataja jina. "Alighushi sahihi yako. Hakuna sabuni, mama. Alitaka kujua unakaa wapi."

Redio ilizimwa.

"Ameona?"

"Hajaona. Nimefuta jibu lako."

"Nitajuaje kama hajakaa hapo kando yako?"

Nilimtazama Bi Zainabu. Alinyanyua mabega.

"Huwezi kujua, mama," nikamwambia. "Ningekuwa wewe, nisingeniamini."

Akakata simu.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Asubuhi Dan alikuwa ngazini kabla yetu. Safari hii hakuniita tena mzee wangu. Bi Zainabu alimketisha, akamwambia kuna fomu yenye sahihi ya kughushi, kwa hivyo kazi yote imesimamishwa. Fomu nyingine zote zitarudishwa kwa mwenye biashara halisi, ambaye tulikuwa tumeshampata kwa namba iliyo kwenye ile chupa ya sabuni, na kumbe ni dada yake, mama mchapakazi wa Mathare ambaye hakujua lolote.

"Nipe tu jibu lake," Dan aliniambia mimi, si Bi Zainabu. "Wewe ni mwanamume, unaelewa."

"Hakuna jibu lake hapa," nikasema. Na ilikuwa kweli.

"Alijibu. Naona machoni mwako."

Hapo hapo kompyuta ikalia. Mnaijua ile sauti. Kioo kilikuwa kimeelekea kwangu, naye alikuwa upande wa pili wa meza, umbali wa mkono. Niliona namba ya yule mama, na chini yake neno moja, lile nililoliongeza mimi mwenyewe kwenye meseji ya Dan.

ONDOA.

"Ni nini hiyo imeingia?" Dan akauliza, akiinuka kidogo.

"Kuna mtu amejitoa."

"Nani?"

"Hatusemi."

Mnajua kanuni. Unafuta namba kwenye kila orodha, haibaki mahali popote, humwandikii tena. Nilitaka kumpigia mara moja tu, nimuulize kama ana pa kwenda, kama watoto wako salama, kama sasa ananiamini. Dan alikuwa akinitazama vidole. Nikabonyeza, namba ikapotea, kisha nikachukua fomu yake ile safi nikaipasua mara nne.

Dan alishuka ngazi polepole bila kuaga. Hadi leo sijui kama mama yule alihama, na sina namba ya kumuuliza.